Kinachoshikilia Blanketi: Kufunga Nyuzi za Kauri Ndani ya Tanuri la Raku

Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya tanuri la raku inayostahili kufikiriwa kuliko nyingine zote, humtajia vile vifungo vidogo vya udongo na vipande vya waya vinavyolishikilia blanketi la nyuzi za kauri, lile tandiko la kuzuia joto linalozungushwa ukutani kwa ndani, lisianguke. Kichomeo kibovu hubadilishwa mchana mmoja na kazi ikaendelea. Blanketi lililofungwa vibaya huliharibu tanuri kidogo kidogo kwa ndani: nyuzi zake huangukia glezi, yaani lile ganda la kioo linalofunika chombo, iliyokwisha kuyeyuka, moto hupata njia ya kulifikia pipa la chuma lililo ukuta wa nje, na, jambo linalonishughulisha zaidi, vumbi lake humwagika hewani na kuingia katika mapafu ya mfinyanzi. Nimeamua kuliandika suala hili kwa urefu kwa ajili ya wafinyanzi wenzangu wa Mombasa, kwa kuwa maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hawana haja ya kutaja chumvi, wala upepo wa kusi, wala mawe ya matumbawe.

Raku ni uchomaji wa haraka. Asili yake ni mji wa Kyoto nchini Japani katika karne ya 16, ambako mfinyanzi Chōjirō alifinyanga bakuli za chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai, na tangu hapo chombo cha raku hutolewa tanurini kwa koleo kingali chekundu. Desturi ya kukitia chombo hicho ndani ya vitu vinavyoshika moto na kukifunika, ili moshi ukinyime hewa na kuigeuza rangi ya glezi, ilienezwa na mfinyanzi Paul Soldner wa Marekani kuanzia miaka ya 1960. Kwetu vitu hivyo havina shida kupatikana, maana kuna vumbi la mbao kwa maseremala, kuna makumbi ya nazi, kuna makuti makavu. Kwa suala letu, linalohusu ni kwamba tanuri hupandishwa hadi kati ya digrii 900 na 1000 za Selsiasi kwa muda mfupi, hufunguliwa ghafla, hupakiwa upya likiwa bado na joto, na kuwashwa tena, pengine mara kadhaa katika siku moja. Tanuri la matofali mazito hutumia gesi nyingi kuyapasha matofali kwanza, ilhali blanketi la nyuzi za kauri karibu halihifadhi joto lolote. Moto wote huenda kwenye vyombo. Wepesi wake ndio pia unaowezesha kutengeneza tanuri la kofia, yaani pipa lisilo na kitako linalofunika vyombo na kuinuliwa juu kwa kamba na kapi pale glezi inapoiva.

Blanketi lenyewe hutengenezwa kwa alumina (oksidi ya alumini) na silika (madini ya mchanga) iliyoyeyushwa kisha ikapulizwa au kusokotwa kuwa nyuzi nyembamba sana. Lile la kawaida huuzwa likiwa limeviringwa, unene wake milimita 25, upana sentimita 61 na urefu kama mita 7.3. Huandikwa uzito wake, kilo 96 au kilo 128 kwa mita moja ya ujazo, na daraja lake la joto, ambalo mara nyingi ni digrii 1260. Mnunuzi asilichukulie daraja hilo kuwa ni joto la kazi, kwa maana blanketi lolote hunywea linapochomwa na kazi ya kila siku hufanyika chini ya kiwango hicho. Lakini kwa raku nafasi iliyobaki inatosha. Mimi hupendelea la kilo 128. Linagharimu zaidi, ila nyuzi zake zimeshikamana vyema, na kifungo kinapolibana halichaniki upesi kama lile jepesi.

Kabla ya kisu kugusa blanketi ni lazima tuzungumzie mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeziweka nyuzi za kauri za aina hii katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kumsababishia mwanadamu saratani. Isitoshe, nyuzi zilizokaa katika joto la karibu digrii 1000 kwa muda mrefu hubadilika umbo kwa ndani na huweza kuzaa kristobaliti, aina ya silika ya fuwele, na silika ya fuwele inapovutwa kwa njia ya pumzi imo katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa. Maana yake ni kwamba blanketi lililotumika lina hatari kuliko jipya. Viwanda vya chuma na vya vioo hubomoa ngozi za ndani za matanuri yao mara kwa mara, na mabaki hayo huweza kufika kwa wauzaji wa vyuma chakavu yakiwa safi kwa kuyatazama na ya bei ya kutupa. Nawaomba wenzangu wasiyanunue. Wasinunue pia kamba nyeupe wala mbao laini za kuzuia joto zilizotolewa katika meli kuukuu, kwa sababu katika meli za zamani vitu kama hivyo mara nyingi vilikuwa vya asbesto, na hakuna anayeweza kuvitambua kwa jicho.

Kuna mablanketi ya aina nyingine, yaliyotengenezwa kwa silikati yenye kalsiamu na magnesiamu, ambayo nyuzi zake huyeyuka mwilini kwa haraka zaidi. Daraja lake la joto huwa chini kidogo, lakini digrii 1000 za raku linazimudu. Anayeweza kulipata alichukue hilo bila kusita, na bado avae barakoa.

Barakoa ninayoisema ni ile ya chujio la vumbi, angalau ya daraja la N95, na iliyo bora ni ya daraja la FFP3 au P100, inayoshika uso pande zote. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Shati liwe la mikono mirefu, mikono ivalishwe glavu, na nguo hizo zifuliwe peke yake pasipo kukung'utwa uani. Nyumba zetu nyingi zinatumia ua mmoja, watoto wanacheza hapo, samaki wanaanikwa hapo. Kwa hiyo kazi ya kukata blanketi itafutiwe uwanja ulio wazi, na mtu asimame upepo ukimpiga mgongoni. Wanaolazimika kuifanya ndani wazime feni. Najua ilivyo shida kuzima feni Mombasa mwezi wa Februari, lakini feni moja inatosha kuzisambaza nyuzi hizo chumba kizima, na zikishatua juu ya mkeka au godoro hurushwa tena kila mtu anapoketi. Vipande vilivyoanguka viokotwe, sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi, na ufagio uachwe.

Sasa pipa. Pipa la chuma la lita 200 lina kipenyo cha ndani cha kama sentimita 57 na kimo cha karibu sentimita 87. Karibu na bandari mapipa si tabu, ila lililobeba mafuta ya kula ni salama kuliko lililobeba kemikali isiyojulikana, na pipa lolote lioshwe vizuri kwa sabuni na kufunguliwa vifuniko vyake kabla ya kukatwa kwa grainda, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka kwa cheche. Ukilikata libaki na kimo cha sentimita 60 hivi, upana wa blanketi utaujaza ukuta wake mara moja bila kiungo cha mlalo. Huo ndio uamuzi wa kipimo unaoirahisisha kazi kuliko wowote mwingine, na unastahili kufanywa mapema.

Ninashauri tabaka mbili. Kwa tabaka moja la milimita 25 raku hufanyika, na wengi huishia hapo kwa sababu ya bei, lakini bati la nje hupata joto la kuunguza mkono na kubabua rangi, na hapa petu, ambapo hewa ya bahari inakila chuma hata kisipopashwa moto, bati lililobabuka halidumu. Tabaka la kwanza, linalogusa chuma, hupimwa kwa mzingo wa ndani wa pipa, ambao ni kama sentimita 180, kisha huongezwa sentimita tatu hadi tano. La pili huwa fupi, kama sentimita 164 na nyongeza ile ile, kwa kuwa mduara wake umepunguzwa na unene wa la kwanza. Kifuniko kinahitaji miduara miwili ya sentimita 60. Yote pamoja hayafiki mita tano, hivyo robota moja linatosha na linabakiza akiba ya kiraka.

Nyongeza hiyo ya sentimita chache inachukiwa na mafundi wanaopenda kazi iliyokaa sawasawa, kwa sababu blanketi hukataa kuingia na huvimba katikati. Liache livimbe. Miisho yake miwili ikutanishwe kwanza, ishikizwe, kisha uvimbe usukumwe kuelekea ukutani kwa kiganja, na kiungo kitajibana chenyewe. Nyuzi zitakaponywea baada ya michomo ya mwanzo, kile kilichobanwa kitapanuka na kuziba mwanya uliotaka kufunguka. Ni kama anayekalafati jahazi anavyoishindilia pamba katika mshono akijua kwamba mbao zitasogea zikiingia majini. Viungo vya tabaka la pili viwekwe upande mwingine kabisa wa pipa, visifuatane na vya tabaka la kwanza, ili moto ukipenya kimoja usikute kingine kimeusubiri.

Nyuzi za kauri hazina nguvu ya kujishikilia zenyewe. Zikiachwa zimesimama ndani ya pipa zitasimama kwa michomo miwili mitatu, halafu zitaanza kuinama ndani kwa juu. Wapo wanaotumia gundi ya silikati ya sodiamu, inayojulikana kama maji ya kioo. Gundi hiyo ikipakwa mgongoni mwa tabaka la kwanza, upande wa chuma, ina faida yake; ila ikikaribia uso wa moto, sodiamu hiyo huziyeyusha nyuzi na kuzifanya ngumu na zenye kuvunjika. Mimi siitegemei. Ninategemea vifungo.

Kifungo ni kisahani cha udongo chenye upana wa sentimita nne au tano na unene wa sentimita moja, chenye matundu mawili yaliyoachana kama sentimita moja na nusu. Mfinyanzi hahitaji kununua kitu hiki. Udongo uwe ule wenye chengachenga za vigae vilivyosagwa, ambao haushtuki kwa moto, na vifungo vichomwe mara ya kwanza katika joto lisilopungua lile vitakalokutana nalo kazini. Kingo zake ziviringwe kwa kidole, kwa sababu ukingo mkali hukata blanketi kama kisu. Baina ya matundu mawili, upande utakaotazama moto, nachimba kijifereji ambamo waya utalala. Fereji hilo hufukiwa baadaye kwa uji mzito wa kaolini, yaani udongo mweupe wa kufinyangia, uliochanganywa na unga wa vifungo vilivyovunjika. Waya uliozikwa hivyo haupigwi na ndimi za moto moja kwa moja, na huishi zaidi ya ule ulioachwa uchi. Vifungo vifinyangwe vingi kuliko vinavyohitajika, kwani vitapasuka viwili vitatu kila msimu.

Katika waya ndipo watu wanapobana matumizi, na ndipo nawasihi wasibane. Waya wa kufungia nondo unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi chache, nao katika digrii 900 hugeuka maganda ya kutu na kukatika. Waya uliopakwa zinki, ule wa ua na wa kuku, ni mbaya zaidi kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye digrii 420 na kuchemka kwenye digrii 907, na moshi wake humpa aliyeuvuta homa na maumivu ya mwili usiku ule ule. Chuma cha pua cha kawaida huvumilia kwa muda, kikitoa magamba yanayoangukia glezi. Waya unaofaa ni ule ule unaotumika ndani ya majiko ya umeme na matanuri ya umeme, ama wa nikromu, yaani nikeli na kromu, ama wa Kanthal, ambao ni chuma chenye kromu na alumini.

Nyaya hizi zinapatikana Mombasa pasipo kuagiza mbali. Mafundi wanaotengeneza majiko ya koili huuza koili za kubadilishia, na koili moja ikinyooshwa inatoa waya wa kutosha kwa vifungo vingi. Ili kujua umepewa waya gani, peleka sumaku: Kanthal hushikwa na sumaku, nikromu haishikwi. Tofauti hiyo ina maana katika kazi. Kanthal huhimili joto kubwa zaidi, lakini ikishapata moto mara moja hukauka na kuvunjika kama kijiti ukijaribu kuikunja tena, kwa hiyo koili iliyokwisha kutumika ya aina hii haifai kunyooshwa, na hata mpya ikunjwe mara moja tu na kuachwa. Nikromu hubaki laini kwa muda mrefu, nayo hukubali kukazwa upya baada ya mwaka. Kwa tanuri la raku, linalorekebishwa mara kwa mara, nimeichagua nikromu.

Niliposhughulika na matundu ya pipa nilikwenda kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza majiko ya makaa, yale yenye bati nje na udongo ndani, ambayo yalianza kuenea Kenya miaka ya 1980 baada ya kuigwa kutoka jiko la ndoo la Thailand na kurekebishwa kwa mapishi yetu. Watu hawa wanajua jambo ambalo wafinyanzi wengi hatulijui, yaani namna chuma na udongo vinavyogombana vinapopashwa moto pamoja. Alilishika blanketi, akalibonyeza, akauliza litashikwa na nini. Nikamwonyesha kifungo na waya. Akakizungusha kifungo kwa vidole vyake vyeusi vya masizi, kisha akaniambia, "Mwanangu, usikaze. Bati likipata moto linakwenda nje. Ukikaza, ama waya utakatika ama hiki kijisahani kitapasuka." Nikamwambia, "Basi fundi, nilegeze kiasi gani?" Akasukuma kifungo juu ya blanketi hadi kikazama kidogo tu, usawa wa uso wake, akasema, "Hapo. Kilishike, kisilikabe."

Ushauri huo una sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo aliyoieleza, ya chuma kupanuka zaidi ya kauri. Ya pili ni kwamba nguvu ya blanketi kuzuia joto imo katika hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Mahali palipobonyezwa mpaka unene wa sentimita tano ukawa mbili, joto hupita, na bati la nje pale pale huonyesha duara la kuungua. Anayetaka kujua kama amekaza kupita kiasi atazame bati lake baada ya mchomo wa kwanza.

Matundu ya pipa hutobolewa kwa keekee ya umeme, mawili mawili kwa umbali ule ule wa matundu ya kifungo, ili waya upite umenyooka. Ukutani nayapanga katika mistari miwili, mmoja sentimita 12 kutoka juu na mwingine sentimita 12 kutoka chini, kila jozi ikiachana na mwenzake kama sentimita 30, na naongeza jozi moja kila upande wa kiungo. Mstari wa juu ndio unaobeba kazi, kwa kuwa blanketi huanza kuinama kutokea juu. Kupitisha waya katika tabaka mbili za nyuzi kunachosha kama mtu hana chombo. Shazia ya kushonea magunia, au spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, hutoboa njia kutoka nje kuingia ndani, na waya hufuata njia hiyo kutoka ndani kwenda nje. Kwa nje miisho miwili husokotwa pamoja kwa koleo mara tatu au nne, hukatwa, na ncha hulazwa juu ya bati zisije zikamchana mtu anayelinyanyua tanuri. Huko nje joto ni dogo na waya hauna tatizo.

Kifuniko ndicho kinachohitaji vifungo vingi kuliko mahali popote, kwani huko uzito wa blanketi unavutwa chini moja kwa moja na hakuna ukuta wa kulisaidia. Sentimita 20 kati ya kifungo na kifungo si haba. Nimeona matanuri ambayo ukuta wake ulikuwa mzima na kifuniko chake kimelegea tumbo, na kila kikifunuliwa kilikuwa kinadondosha nyuzi juu ya bakuli zilizoiva, nazo hunata katika glezi laini na hazitoki tena ila kwa kusaga. Tundu la moshi katikati ya kifuniko liwe la kipenyo cha sentimita 10 hadi 12. Usilikate blanketi kwa mduara ukaacha kingo zikitazama moto. Likate kwa msalaba, kisha zipinde zile pembe nne kupitia tundu la bati kwenda nje na kuzifunga huko. Tundu la kichomeo chini litendewe vivyo hivyo. Aidha, ndimi za kichomeo zisilenge blanketi, maana mwendo wa moto wenyewe huzing'oa nyuzi. Mbele ya tundu pasimamishwe tofali la kuhimili moto, ili moto ulipige hilo kwanza na kugawanyika.

Baada ya vifungo kukaa, wengi hupenda kuupaka uso wa blanketi kitu cha kuugandisha. Kilicho bora ni silika ya maji, yaani chembe ndogo sana za silika zinazoelea majini, inayonyunyizwa na kukauka ikiwa ganda jembamba, na nyunyizo lake halipaswi kuvutwa puani pia. Kisipopatikana, uji mwepesi wa kaolini hupunguza vumbi kwa kiasi cha kuridhisha, ingawa hauongezi nguvu kubwa. Hapa ndipo maji yanapokuwa na umuhimu ambao vitabu havisemi. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na chumvi ina sodiamu, adui yule yule niliyemtaja katika gundi. Tumia maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa ufuoni usitumike kusawazishia kitako cha tanuri.

Yapo pia mawe. Matumbawe ndiyo yaliyoijenga Mombasa, tangu kuta za Ngome ya Yesu zilizoanzwa mwaka 1593 hadi nyumba za Mji wa Kale, na vipande vyake vimejaa kila uwanja, kiasi kwamba mtu huona ni jambo la kawaida kuviweka chini ya tanuri. Wazee wetu waliyachoma mawe hayo hayo ili wapate chokaa, na joto linaloyageuza chokaa linakaribiana sana na joto la raku. Jiwe la matumbawe chini ya vyombo vyako litaanza kugeuka, na siku chache baadaye litanyonya unyevu wa hewa, litavimba na kubomoka, na tanuri litainama. Kitako kiwe cha matofali ya kuhimili moto, au, kwa uchache, matofali mekundu ya kuchoma yaliyotandikwa blanketi la akiba juu yake.

Mchomo wa kwanza ufanywe bila vyombo, polepole, kifuniko kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa kijipande cha tofali ili mvuke wa uji na unyevu wa vifungo utoke. Patatoka moshi kidogo wa mafuta yaliyotumika kiwandani, na rangi ya pipa itanuka. Wenye nyumba za jirani waarifiwe kabla. Likishafika digrii 900 na kupoa kabisa, vaa barakoa, ingiza taa ndani, na uangalie kila kifungo. Kilichopasuka hubadilishwa. Kiungo kilichofunguka hujazwa kwa ukanda wa blanketi uliokunjwa mara mbili na kusukumwa ndani kwa kijiti. Baada ya hapo ukaguzi kama huo unafanywa kabla ya kila siku ya kuchoma, na mtu haupigi ukuta kwa mkono wala haupulizi kwa mdomo kuondoa chenga.

Masika yanapokaribia, tanuri liingizwe chini ya paa au lifunikwe kwa turubai lililoachwa wazi kwa chini ili hewa ipite. Blanketi lililolowa haliharibiki kwa maji matupu, lakini uzito wa maji hulivuta kutoka kwenye vifungo, na pipa huoza kwa nyuma mahali ambapo hakuna anayepaona. Likilowa, lianikwe mpaka likauke, kisha moto wake wa kwanza uwe mdogo.

Siku ya kulibadilisha itakapofika, blanketi kuukuu linyunyiziwe maji kwanza hadi liache kutoa vumbi, waya ukatwe kutoka nje, na tabaka zikunjwe kwa ndani bila kuchanwa. Zitiwe katika mfuko mzito wa plastiki, mfuko huo utiwe katika mwingine, na juu yake iandikwe kwa herufi kubwa kilichomo. Anayekuja kuchukua taka aambiwe kwa mdomo pia kwamba asiufungue, kwa sababu watu wengi jijini wanaishi kwa kupekua taka na blanketi jeupe, laini, linaweza kumvutia mtu akafikiri ni pamba ya kujazia mto.